Mshika Funguo wa Narva

Mwalimu hakuweza kuingia katika ngome yoyote bila kwanza kuuliza maji yako wapi. Kijana wa kuongoza wageni angekuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza unene wa kuta na idadi ya mizinga, na Mwalimu keshapotea, yuko uani ameinamia kisima, kofia ameishika kwa mkono ili isitumbukie.

"Ngome haitekwi kwa mzinga," alitwambia siku tulipokwenda naye kwenye ngome ya Nizwa, hapa Omani. "Hutekwa kwa kiu. Mzinga ni wa kupigia kelele tu, watu wanapoingoja kiu ifanye kazi yake."

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na shahada ya historia, na tabia ya kumbishia kila mtu. Nikamuuliza ushahidi wake ni upi. Alinitazama kwa furaha, kama mtu aliyefikiwa na mgeni aliyemngoja siku nyingi.

"Hilo ndilo suali. Haya, kanitafutie ndoo ilikuwa ikifungwa wapi."

Alisomesha historia katika skuli za sekondari hapa Muscat mpaka alipostaafu. Alimsomesha mama yangu na wajomba zangu wawili, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka yetu, Ghubra. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata Mhindi wa duka la mkabala ambaye hakupata kukaa darasani kwake hata siku moja. Tulimzika Sib mwaka jana, na makaburini, wajomba walivyonieleza, watu walikuwa wakisukumana kushika jeneza huku wakihadithiana habari za gari lake.

Lile gari lilistahiki kuhadithiwa. Aliliendesha katika barabara kuu kwa kilomita arubaini kwa saa, njia ya katikati, taa za hatari zikiwaka tangu nyumbani. Magari yalimpita kulia na kushoto yakimpigia honi.

"Wote hawa ntawakuta kwenye taa," alisema siku moja nilipopanda naye.

"Mwalimu, barabara hii haina taa mpaka uwanja wa ndege."

Akafikiri kidogo. "Basi ntawakuta mbele ya Mungu."

Jambo la pili alilojulikana nalo ni ngome ya Narva. Katika ujana wake, kutoka Unguja, alipelekwa kusoma kwa Wasovieti. Msimu mmoja wa baridi wanafunzi walichukuliwa kwa treni kwenda kutazama mji ulio mtoni karibu na bahari ya Baltiki. Ng'ambo hii pana ngome, ng'ambo ya pili pana ngome nyingine, na mto baina yao ni mwembamba hata, kwa maneno yake, walinzi wangeweza kutukaniana mama zao bila kupandisha sauti. Alisimama pale darajani anatetemeka ndani ya koti la kuazima, mwalimu wao akieleza namna Wajerumani, Warusi na Waswidi walivyogombania mahali pale katika karne ya kumi na sita. Wenzake walikuwa wakitafuta pahala pa kunywa supu. Yeye, naona, hakuondoka pale tena.

Miaka ilipita, akaja Muscat. Akaikuta Jalali na Mirani, zile ngome mbili za Wareno zinazotazamana juu ya bandari, za karne ileile. Alikaa juu ya ukuta wa ufukweni akacheka peke yake mpaka askari akamwendea kumuuliza kama ni mzima.

"Nkamwambia, afande, nimezunguka dunia kuzikimbia ngome mbili, nimekuja kuzikuta zinaningoja."

Nilimwambia kwamba zile za Narva hakuzikimbia, alizitamani. Akasema, "Hayo ni mamoja," na mimi nikakataa, na tukabishana mpaka kahawa ikapoa.

Alifasiri kila kitu kwa kuzingirwa. Ijumaa moja majirani tulikwenda Qantab kula mchana ufukweni, akachukua matikiti mawili ya mama yangu akayaweka mchangani yakatazamana. Akachora mto kwa kidole. Kokoto zikawa Warusi, vifuniko vya chupa wakawa Wajerumani waliokuwa wakiishika ngome, na viatu vya wajomba wakawa Waswidi wanaokuja kwa meli. Alieleza moto uliozuka mjini Narva mwaka 1558, watu wakiwa hawajui wauzime moto au walinde kuta, na Warusi wakavuka mto kwa mashua na kwa magogo. Alifika mahali ambapo waliosalia wamejifungia ngomeni, mji umekwisha, maji machache, ndipo mama yangu akapita na kisu akaliinua tikiti la kulia.

"Mwalimu, samahani. Ngome yako inaliwa."

"Ichukue," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa. Ilichukuliwa hivyo hivyo, watu wana njaa."

Mtu wa ngome kiasi hicho, na mlango wake mwenyewe haukuwa ukifungwa. Mkewe, Bi Zuwena, alinunua kufuli mara mbili na mara mbili likapotea. Mwalimu aliwasomesha watoto wa watu kwamba uongo ni mama wa maasi, na kila alasiri alimdanganya Bi Zuwena kuhusu jamu. Kule kwa Wasovieti alijifunza kunywa chai kwa kutia kijiko cha jamu badala ya sukari, na alipopata maradhi ya kisukari alijishawishi kwamba jamu haimo katika marufuku, kwa kuwa daktari alitaja sukari. Chupa aliificha nyuma ya vitabu. Mimi nilijua, Bi Zuwena alijua, na kila mmoja wetu alijifanya hajui.

Nilimpenda kwa sababu alikuwa mzee wa pekee niliyeweza kumuuliza kitu asiniambie nina adabu mbovu. Kwetu ukiuliza sana unaambiwa umeharibiwa na chuo. Yeye aliniita "karani wa Munkari", kwa jina la malaika anayehoji watu kaburini. "Karani wa Munkari kafika," angemwambia mkewe nikibisha hodi. "Tia maji ya chai, leo ntahojiwa."

Kuna siku aliniita akanionyesha madaftari tisa ya skuli, yameandikwa kwa mkono kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ilikuwa historia ya vita vya kugombania Narva, kwa Kiswahili. Nilimuuliza kwa nini Kiswahili, na nani atakisoma.

"Kwa Kiarabu nimesema miaka thalathini yale yaliyomo kwenye mtaala," alijibu. "Na hichi utakisoma wewe, kwa kuanzia."

Nilikisoma kwa siku tatu. Kilikuwa kizuri, na nilisikitika kidogo kwamba ni kizuri, maana nilikuwa nimejitayarisha kukikosoa. Hakuwa na habari na wafalme. Aliuliza nani alipika ngomeni, kuni zilitoka wapi, chumvi iliwekwa wapi isipate unyevu, wanawake waliojificha ghalani walilala vipi. Kisima kilipewa kurasa kumi na nne. Aliandika pia namna Waswidi walivyorudi baada ya miaka ishirini na tatu na mizinga mikubwa. Safari ile walinzi wa Warusi hawakufungua lango, kuta zikavunjwa, na waliokutwa ndani wakauawa, wengi wao watu wasiobeba silaha. Sura ile aliiandika kwa sentensi fupifupi, kama anayetembea juu ya vigae vya kioo.

Lakini kulikuwa na jambo. Kila mtu katika kitabu alikuwa na jina, isipokuwa mmoja. Yule mkuu wa ngome ambaye mwaka 1558 aliyakubali masharti ya Warusi, akafungua lango ili waliomo watoke na roho zao, yeye aliitwa "mshika funguo" tu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Nikamwendea. "Mwalimu, huyu ana jina. Limeandikwa, nimeliona."

"Na mie nnalijua."

"Mbona basi hukuliandika?"

"Sitara."

Sitara kwetu tunafundishwa kabla ya alifu. Ukiona aibu ya mtu, unaifunika. Hutaji jina lake, unasema "mtu mmoja", na anayekusikiliza naye hataki kujua zaidi. Ni adabu njema katika nyumba. Katika historia niliiona ni wizi.

"Sitara ni ya walio hai," nikasema. "Huyu kafa zaidi ya karne nne."

"Kwani Baltiki hakuna wajukuu?"

"Alitenda jambo kubwa mbele ya watu. Lina mwenyewe."

"Alitenda nini?"

"Alifungua lango."

"Waliokuwamo wakafanywa nini?"

"Walitoka hai."

"Na wale wa baadaye, ambao hawakufungua?"

Nikaitazama sura ile, iliyokuwa mkononi mwangu.

"Sasa wenziwe walimwita haini," akasema Mwalimu. "Wakaliandika jina lake ili litukanwe, na limetukanwa. Mie nnataka watu wakisome kitendo. Jina likiwapo, watasoma jina."

"Basi tuliandike na sifa zake. Tuseme alikuwa shujaa."

"Wewe utasema shujaa. Anayekuja nyuma yako atasema haini. Jina likishatoka mlangoni halirudi, mwanangu."

Ndipo aliponieleza habari ya watu fulani, na bila shaka hakuwataja. Mwaka wa machafuko kule Unguja, mzee mmoja aliwafungulia mlango watu wenye silaha, kwa kuwa ndani mlikuwa na watoto na mlango ulikuwa utavunjwa vyovyote. Watoto hawakuguswa. Lakini mtu mmoja aliyekuwa amehifadhiwa mle alichukuliwa, hakuonekana tena. Miaka mingi baadaye, hapa Muscat, mjukuu wa yule mzee akaposwa. Watu wa mume wakauliza ukoo, wakatajiwa jina, wakajitoa, na mahari yao yakarudishwa kimyakimya.

"Binti wa miaka ishirini na tatu," Mwalimu alisema. "Huo mlango hata rangi yake haijui."

Nikamuuliza, "Nani hao?"

Aliitazama chai yake. Mimi nilidhani hoja imemshinda. Nilikuwa na maswali ya kila aina maishani mwangu, na siku ile, kati ya yote, nikachagua hilo. Sikuuliza binti aliishia wapi. Sikuuliza yeye Mwalimu alijuaje kwamba mahari yalirudishwa kimyakimya.

Alinipa madaftari nikayachape. Sharti lilikuwa moja: nisibadilishe kitu, ila makosa yake ya herufi. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamepanga kumfanyia hafla ukumbini Ghubra, na mimi nikajitolea kwamba kitabu kiwe tayari siku hiyo, nakala mia moja.

Aliyekipanga alikuwa Barasa, Mkenya wa duka moja la uchapaji, mtu makini aliyesoma kila alichopewa hata kama ni kadi ya harusi. Siku ya mwisho aliniita mbele ya kompyuta.

"Dada, hii kitabu iko sawa kabisa, nimeisoma yote. Lakini kuna mtu hapa hana jina."

"Ndivyo anavyotaka mwenyewe. Mambo ya wazee."

"Sawa, mimi si mwenye kitabu. Lakini inanisumbua. Ni kama mtu anipigie simu, aanze kuniambia fulani amefanya nini, halafu akate."

Barasa hakuwa na kosa. Alisema kwa sauti nililokuwa nikilisema mwenyewe kwa wiki sita. Nilimwambia asogee, nikakaa katika kiti chake, nikaliandika jina la mshika funguo mahali kumi na moja. Nilijiambia kwamba baadaye Mwalimu angenishukuru; kwamba watu wa vyuo wangekipuuza kitabu chenye tundu katikati; kwamba kweli haiombi ruhusa. Nilikuwa na hoja nyingi nzuri. Sikumpigia simu hata moja.

Siku ya hafla alivaa kanzu mpya na joho lake la Idi. Watu wazima wenye mvi walisimama kumwamkia kama watoto wa darasa la saba. Nakala zilikuwa mezani zimepangwa, na Barasa nimemwalika, amekaa nyuma na shati lililopigwa pasi. Nikampelekea Mwalimu nakala ya kwanza. Kwa desturi yake kitabu hakukianzia mwanzo. Alikifungua katikati, na katikati ya kitabu kile ni lango la Narva.

Alisoma ukurasa ule, akasoma uliofuata. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuuona mkono wake ukirudi nyuma ukurasa mmoja, kama anayehakikisha. Kisha akakifunga, akaenda mbele, akawashukuru watu kwa maneno mazuri, akawachekesha kwa habari ya gari. Mwisho akasema:

"Ntakuombeni radhi. Kitabu kina kosa. Mie nimepitiwa katika kusahihisha, macho yangu si mazuri. Nnaomba visichukuliwe leo."

Barasa alikuja mbio, uso umembadilika. "Mwalimu, kosa gani? Kama ni langu nachapa upya, leo leo."

"Si lako, baba. Kazi yako nzuri mno. Ni langu."

Watu wakala halwa, wakanywa kahawa, wakaondoka mikono mitupu. Mjomba wangu alisema njiani, "Masikini, uzee umeshamfikia." Mama akaitikia. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikatazama nje. Nilikuwa nimesitiriwa mbele ya watu mia moja, na sitara ni nzito unapokuwa ndani yake.

Asubuhi yake nilimwendea nikiwa na hoja zangu zote. Hakunigombeza. Alinikaribisha, akanitilia jamu katika chai, akaniuliza kama nimekwisha pata kazi. Nilipoanza kusema juu ya kitabu alisema, "Tutazungumza," kwa upole, na upole ule ulinikasirisha. Laiti angenipigia kelele ningeweza kumjibu.

Mwezi uliofuata macho yake yakazidi kuharibika, mwanawe akawahamishia kwake Sib, karibu na soko. Kutoka Ghubra ni mwendo wa dakika ishirini na tano, kwa gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Nilikaa miezi saba bila kwenda. Nilimwambia mama nina kazi, na kweli nilikuwa nimepata kazi. Nilikuwa nikingoja niwe na la kusema, na kila nilipolipata nililitilia shaka.

Bi Zuwena ndiye aliyenipigia. "Mwalimu anakutaka. Kasema uje na kalamu nyeusi, ile nene."

Nilifika baada ya sala ya alasiri. Alikuwa amekaa juu ya godoro chini ya dirisha, maboksi ya vitabu ukutani, na nilishangaa jinsi kanzu ilivyokuwa kubwa kwake. Alinyoosha mkono upande nisiokuwapo.

"Karani wa Munkari?"

"Mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa. Kaa."

Alinieleza bila kulalamika. Tangu walipohamia alikuwa akifuta jina, nakala baada ya nakala, mahali kumi na moja kila moja. Watu walikuwa wakimpigia kuuliza kitabu kitatoka lini, na wawili kati yao walikwisha kufa. Alikuwa amefika cha arubaini na moja. Nikavitazama. Vya mwanzo vilikuwa safi, mstari mmoja mweusi ulionyooka juu ya neno moja. Kadiri nilivyofungua vya mbele wino ulihama, ukameza neno la kabla na la baada, na katika cha arubaini na moja ulikuwa umeifunika aya nzima ya kisima.

"Silioni tena," akasema. "Nilikuwa nkilipapasa tu."

Nikasema nisamehe. Nilikuwa nimelibeba neno lile miezi saba na lilitoka dogo.

"Nilishakusamehe palepale ukumbini. Chukua kimoja, anza."

Nikachukua cha arubaini na mbili, nikakiweka mapajani, nikatafuta mahali pa kwanza. Nikafuta. Alisikiliza mkwaruzo wa kalamu, kichwa amekiinamisha upande.

"Lilikuwa jina refu," akasema.

"Refu."

Nikafuta pa pili. Jikoni Bi Zuwena alikuwa akipanga vikombe. Ndipo Mwalimu akaniuliza, taratibu, kama alivyokuwa akiuliza darasani jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa na hakika nalo:

"Na sasa unaona kwa nini?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuwapo mtu wa kunisuta, wala yeye hakuwa akiuona uso wangu. Ningezimaliza nakala zote hamsini na tisa kwa siku mbili, zingetoka, watu wangekisoma kitabu chake na yeye yuko hai wa kuambiwa. Ni neno moja. Bi Zuwena alikuwa akimwambia kila siku kwamba hajui jamu iko wapi.

"Bado, Mwalimu," nikasema. "Nafuta kwa kuwa kitabu ni chako, na mimi ndiye niliyekiharibu. Lakini kingekuwa changu, ningeliandika."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Sikuona hasira. Niliona mtu aliyesafiri mbali akaambiwa ofisi imefungwa.

"Umenambia kweli."

"Ndiyo."

"Basi funga kalamu."

"Mwalimu, naweza kumaliza. Nitakuja kila siku baada ya kazi."

"Nnajua unaweza. Hata mashine yaweza. Mie nlikuwa nkimsitiri mtu. Wewe unapaka wino." Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaugonga kidogo. "Sikulaumu. Funga, itakauka."

Nikaifunga. Bi Zuwena akaingia na chai. Mwalimu akaniuliza habari za kazini kwangu, kama mabosi wanapenda kuulizwa maswali, nikamwambia hawapendi, akacheka. Tulizungumza hivyo mpaka adhana ya magharibi, mambo mepesi, na cha arubaini na mbili kikabaki wazi mapajani mwangu, jina limefutwa mara mbili na mara tisa linasomeka.